Ondoa Vanishi, Acha Mvule

Kabati la jikoni la mvule lililojengwa kabla ya uhuru likifika mikononi mwa fundi wa leo, kazi kwa kawaida huanza na mashine ya msasa. Milango inang'olewa, mbao inasagwa mpaka ifanane na iliyopasuliwa jana, inapigwa sanding sila, halafu vanishi ya kung'aa. Kazi inaonekana safi. Lakini likirudishwa ukutani, juu ya sakafu ya saruji nyekundu na kando ya dirisha la fremu za mbao, kabati linakuwa mgeni ndani ya nyumba yake. Mwenye nyumba hulaumu rangi, na fundi hujibu kwa steni iliyokolea zaidi. Naamini wote wawili wanatafuta kosa mahali lisipokuwepo. Kinacholioanisha kabati na nyumba kongwe kimo katika milimita ya juu kabisa ya mbao yenyewe, na hiyo ndiyo milimita ambayo msasa umeshaigeuza vumbi.

Mvule uliopasuliwa karibuni una rangi ya manjano. Mwanga na hewa huugeuza taratibu kuwa kahawia ya dhahabu, kisha kahawia iliyoiva, na mabadiliko hayo hayazami: chini ya tabaka hilo jembamba mbao bado ni ya manjano hata baada ya miaka 70. Mashine hufunua manjano kwenye sehemu bapa, lakini haifiki kwenye pembe za ndani za fremu wala kwenye michirizi ya mapambo, hivyo mlango mmoja unabaki na rangi mbili. Hapo steni huletwa kuficha, nayo hutuama kwenye vinyweleo na kufifisha nyuzi za mvule zinazopishana, zile zinazofanya mbao ibadilike sura kila mtazamaji anaposogea. Ipo na hasara isiyotajwa sana. Seremala wa zamani alimalizia kingo kwa randa ya mkono, zikabaki zimenyooka na makali yake. Msasa wa mashine huzilaza. Mtu asiyejua useremala hataweza kutaja sababu, lakini ataona kwamba mlango umepoteza umbo.

Ndiyo maana swali la kwanza liwe juu ya vanishi iliyopo, si juu ya ile itakayopakwa. Jaribio lake ni rahisi na linatosha. Nyuma ya mlango, karibu na bawaba, weka tone la spiriti. Vanishi ikilainika na kunata, ni shelaki. Ikiikataa spiriti lakini ikalegea kwa tina, ni lakeri ya selulosi, ambayo ilianza kuenea miaka ya 1920. Ikizikataa zote mbili, ni vanishi ya mafuta au poliurethani, na hizo ndizo zinazohitaji dawa ya kubandulia. Shelaki huondoka kwa spiriti na vitambaa tu, na rangi ya mbao ikabaki ilivyo. Kostiki, inayopendwa kwa bei yake, iepukwe kabisa: huharibu rangi ya mbao ngumu, na maji yake hulegeza gundi ya wanyama iliyoshika viungo vya zamani. Dawa zenye kloridi ya methilini nazo si za kuchezea ndani ya jiko lililofungwa. Marekani ilipiga marufuku kuziuza kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019 kwa sababu mvuke wake uliua watu. Na kama juu kuna rangi ya mafuta ya miaka mingi, ichukuliwe kuwa ina risasi: ibanduliwe ikiwa mbichi kwa dawa, isisagwe kavu mahali watoto wanapoishi.

Upakaji mpya ndipo mvule unapowaadhibu wenye haraka. Mbao hii ina kemikali iitwayo kloroforini, inayozuia vanishi za mafuta kukauka. Mlango unaweza kunata kwa wiki nzima na lawama ikaenda kwa duka la rangi. Dawa yake ni tabaka mbili nyembamba za shelaki iliyotolewa nta, ambayo hushika karibu kila kitu na kuifungia kemikali hiyo ndani. Juu yake ipakwe vanishi ya mafuta kwa kitambaa, mara tatu, na tabaka la mwisho pekee liwe la mng'ao hafifu. Unga unaopunguza mng'ao ukirudiwa katika kila tabaka, mbao huonekana kama ina ukungu.

Watakaopinga watasema jiko si sebule: kuna mvuke, mafuta na mikono yenye maji, kwa hiyo poliurethani nene ndiyo kinga. Ni kweli kwamba shelaki peke yake haifai hapo, maana joto na sabuni kali huishinda. Ndiyo sababu inakaa chini na si juu. Ila unene wenyewe una gharama yake. Tabaka nene likichanika karibu na kishikio, maji huingia chini yake, linabanduka kwa vipande, na mlango mzima huanza upya. Tabaka jembamba huchakaa pale linaposhikwa, na pale hupakwa tena kwa kitambaa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kihistoria: majiko mengi ya zamani yalikuwa ya kazi tu, na makabati yake yalipakwa rangi tangu siku ya kwanza. Nakubali, na mbao yenyewe husema. Rangi ikikutwa ndani ya vinyweleo bila vanishi chini yake, kabati lilizaliwa na rangi, na kulirudishia rangi ndiyo heshima kwa nyumba. Ikikutwa juu ya shelaki, rangi ni nyongeza ya baadaye.

Kuna kosa moja ambalo hata fundi makini hulifanya. Ubao wa kati wa mlango wa zamani haukugundishwa. Umekaa huru ndani ya gruvu ya fremu ili utanuke masika na kusinyaa kiangazi. Puti au vanishi nene ikijazwa kwenye gruvu, ubao hushikwa na siku ya kusinyaa hupasuka katikati. Mlango upakwe wakati wa kiangazi, ubao ukiwa umesinyaa, la sivyo kiangazi kitakapofika ukanda mwembamba wa mbao tupu utajitokeza kandokando yake. Bawaba za shaba zisafishwe na kurudishwa kwenye vitanda vyake. Bawaba za kisasa za kujificha hudai tundu la milimita 35 nyuma ya mlango, na tundu hilo halizibiki bila kuacha alama.