Milimita Mbili za Kuacha

Kunja ngumi, kisha inamisha kifundo cha mkono kidogo kuelekea kwako. Upande wa kidole gumba itainuka kano iliyokaza. Daktari wa upasuaji anayetaka kufunga bamba la chuma kwenye kifundo kilichovunjika huanzia hapo. Hupasua ngozi juu ya kano hiyo, hufungua ala yake na kuisogeza kuelekea kidole cha mwisho, ikawa kinga ya mshipa wa fahamu ulio jirani. Upande wa pili hupita mshipa wa damu tunaoushika tukipima mapigo ya moyo. Daktari hupita katikati ya mishipa hiyo, na yote miwili hubaki salama.

Mvunjiko wenyewe ni wa zamani. Mtu huanguka, hutanguliza mkono, na ncha ya mfupa wa upande wa gumba hukatika ikalalia nyuma. Abraham Colles wa Dublin aliueleza mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei, kwa kutegemea macho na vidole. Baadaye sana, waliojaribu bamba waliliweka mgongoni mwa mkono, huko mfupa ulikoangukia. Lakini huko kano zimelala juu ya mfupa kabisa, na chuma kilizisugua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Jorge Orbay, daktari wa Miami, alieneza njia ya kuingilia upande wa kiganja, penye nafasi na msuli wa kufunika chuma. Njia hiyo ilihitaji skrubu ambayo kichwa chake hujifunga ndani ya tundu la bamba, vikawa kitu kimoja. Hata mfupa ukiwa umesagika, safu ya skrubu hizo huushika uso wa kiungo kama boriti zinavyoshika dari la nyumba ya mawe.

Ila bamba haliurudishi mfupa mahali pake. Mikono ndiyo huurudisha. Kwenye mfupa usiovunjika, uso wa kiungo huinamia kiganja kwa nyuzi 11 hivi, na kuelekea kidole cha mwisho kwa nyuzi 22 au zaidi kidogo. Daktari huvuta, hukunja, huinua kipande kwa kifaa chembamba, hutazama eksirei, huanza tena. Skrubu ya kwanza huitia kwenye tundu lililorefushwa, bila kuikaza hadi mwisho, ili bamba liweze kusogea juu au chini kidogo. Namheshimu sana aliyebuni tundu hilo. Alijua kwamba hata mkono hodari hauhitaji kupatia mara ya kwanza, unahitaji nafasi ya kurekebisha.

Kinachonivutia zaidi ni pale fundi anapojizuia. Karibu na kiungo, mfupa una ukingo ambao bamba halitakiwi kuuvuka. Likichomoza hapo, kano ya kukunjia gumba hupita juu ya chuma kila siku, na baada ya miezi inaweza kukatika. Na skrubu za mbele hukomea milimita mbili hivi kabla ya kutokeza nyuma, maana huko kuna kano ya kunyooshea gumba. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba skrubu inayofika robo tatu ya unene wa mfupa hushika karibu sawa na ndefu. Mgongoni mwa mfupa pana kinundu kinachoificha ncha ya skrubu kwenye picha ya ubavuni, basi bingwa makini hukikunja kifundo chote na kupiga picha nyingine kutokea juu, asiridhike na ile iliyompendeza.

Kwa mtu anayeishi kwa mikono yake, kuanza kukichezesha kifundo mapema ni jambo kubwa, na kazi hii humpa nafasi hiyo. Kwa wazee wengi, tafiti zinaonyesha kuwa baada ya mwaka mmoja tofauti kati ya bamba na plasta ni ndogo. Bingwa huyo huyo huwaeleza hivyo, kisha huwafunga plasta.