Swali la Kobe

Hapa Mdandu, katika usharika wetu, riwaya hazikuwahi kupigwa marufuku. Hapakuwa na haja. Ilitosha mzee mmoja wa kanisa akuulize baada ya ibada kama kitabu ulichoshika ni cha Neno au ni cha hadithi, nawe ukakifunika kwa kanga. Hadithi ni uongo, tuliambiwa, na muumini ambaye Biblia yenyewe hajaimaliza atapata wapi muda wa kusoma uongo?

Swali hilo si la kudharau, na hatutalijibu kwa haraka. Sisi ni watu watano: walimu wawili wastaafu, muuguzi, mkulima wa viazi, na kijana wa kwaya. Jumapili alasiri tunakutana kusoma riwaya. Tulianza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ikazuiwa mashuleni kwa muda, na baadaye ikaja kufundishwa humo humo. Jina lake limetoka katika litania ya Bikira Maria wanayoisali ndugu zetu Wakatoliki, na mzee aliyelisikia alidhani tumepata kitabu cha sala. Sivyo. Ni habari ya baba anayemlinda binti yake kwa ukali na fimbo, na binti anayefika chuoni bila kujua kuutumia uhuru, akaangamia. Wenye mabinti kati yetu tulikaa kimya siku ile. Mambo yale hayakutokea, lakini nyumba ile tuliijua. Hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba habari ya kubuni na uongo si kitu kimoja. Mwongo anaficha jambo. Riwaya nzuri inalifunua lile tulilokuwa tumelificha sisi wenyewe. Na Bwana wetu, alipotaka kumfungua macho mwanasheria, alimsimulia habari ya mtu aliyeshuka kwenda Yeriko, wala mwanasheria hakuuliza jina la mtu yule.

Kisha tukaenda mbali zaidi, hadi China. Watu wa huku tuliwajua Wachina kwa reli kabla ya kuwajua kwa vitabu. Kati ya mwaka 1970 na 1975 reli ya TAZARA ilijengwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, ikapita hapa jirani, Makambako. Baba wa mmoja wetu alibeba mataruma pamoja nao. Alituambia walifanya kazi bega kwa bega na kula kila mtu na bakuli lake, na jioni aliwasikia wakisimuliana na kucheka, lakini hakujua wanasimuliana nini. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, TBC ilituonyesha Doudou na Mama Wakwe Zake kwa Kiswahili, tukajua kwamba hata kule mke wa mwana ana taabu zake. Lakini ile hadithi ya jioni, ile waliyokua nayo, tulikuwa hatujaisikia.

Tunaamini sasa tumeisikia. Ni Safari ya Magharibi, riwaya ya karne ya 16 yenye sura mia moja, ambayo wengi husema aliiandika Wu Cheng'en. Sisi tulipata ufupisho wa Kiingereza wa Arthur Waley wa mwaka 1942, uitwao Monkey, wenye sura thelathini. Mmoja wetu husoma Kiingereza, kisha hutusimulia kwa Kiswahili, na Kiswahili kikimpungukia anamalizia kwa Kibena.

Habari yenyewe ni hii. Mtawa wa Kibuddha anatumwa kutoka China kwenda India kuleta maandiko matakatifu ya dini yake. Anafuatana na nyani mwenye nguvu na kiburi, nguruwe mlafi, zimwi la mtoni lililotubu, na farasi ambaye asili yake ni joka. Wanapita katika majaribu 81. Tulicheka sana, maana mtawa ni mwoga na analia ovyo, na nyani ndiye anayefanya kazi yote. Hata walipofika mbele ya Buddha, wanafunzi wake wawili waliotunza maandiko waliomba chai kwanza. Mtawa hakuwa na kitu, wakampa vitabu visivyo na herufi hata moja. Alirudi akatoa bakuli lake la kuombea, ndipo akapewa vilivyoandikwa. Hapo tulicheka, kisha tukaacha kucheka, kwa sababu mwandishi yule alikuwa akiandika juu ya dini ya kwao, na hakuwaonea aibu watumishi wake.

Lakini mahali palipotushika ni pengine. Njiani kwenda, msafara ulizuiwa na mto mpana mno. Kobe mkubwa mweupe, aliyeishi mtoni humo miaka mingi akijinyima na kutafakari, aliwavusha mgongoni. Hakutaka malipo. Aliomba jambo moja tu: mtawa atakapofika kwa Buddha, amwulizie ni lini yeye kobe atavua gamba na kupata mwili wa mtu. Mtawa akakubali. Miaka ikapita. Walipokuwa wanarudi na mizigo yao ya maandiko, kobe aliwangoja palepale, akawapandisha tena mgongoni, na katikati ya mto akauliza: uliniulizia? Mtawa akanyamaza. Alikuwa amesahau. Kobe akazama, na watu, farasi na vitabu vyote vikaingia majini. Wakaanika kurasa juu ya mwamba, na nyingine zikanata kwenye jiwe zikachanika.

Sisi Wakristo tunalo jambo la jinsi hiyo katika kitabu cha Mwanzo. Mnyweshaji wa Farao alitoka gerezani akamsahau Yusufu, na Yusufu akakaa humo miaka miwili mizima. Hata katika safari mashuhuri ya John Bunyan, iliyochapishwa mwaka 1678, Msafiri anakimbia mji wake na kuziba masikio asisikie mke na watoto wakimwita. Ilimbidi Bunyan aandike sehemu ya pili, mwaka 1684, ili mke na watoto nao wapite njia ile. Inaonekana kila msafiri wa mbinguni ana mtu aliyemwacha nyuma.

Siku tuliyofika kwenye kobe, msomaji wetu alifunga kitabu, na hakuna aliyemwambia aendelee. Wote watano tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumekwenda Njombe kwenye mkutano wa kanisa, watatu kati yetu. Tulipokuwa tunangoja gari, bibi mmoja jirani alikuja, akatusalimu, kamwene, akatushika mikono. Zamani sana alizaa mtoto wa kiume aliyekufa siku ya nne, kabla ya ubatizo. Kila Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, yanaposomwa majina ya waliolala, la mwanawe halisomwi. Alipouliza enzi zile, aliambiwa hilo ni swali la wakubwa. Akasema: "Wanangu, ninyi mnakwenda kwa wakubwa. Niulizieni."

Tulikaa Njombe siku tatu. Tulisikiliza taarifa, tuliimba, tulipiga picha, tulinunua vitabu vya masomo ya Biblia. Tulirudi na mizigo. Bibi alikuwa amekaa kando ya barabara. "Mliniulizia?" Tulinyamaza, kisha tukasema shughuli zilikuwa nyingi. Hakutukemea. Alisema, "Haya, poleni na safari," akaondoka. Wala hakuna mto uliotuzamisha, ndiyo maana tuliweza kusahau mara ya pili.

Hatukuwa tumeisikia hukumu yetu katika mahubiri yoyote ya mwaka ule, ingawa bila shaka ilihubiriwa. Habari ya Yusufu tulikuwa tunaijua tangu utoto, na kila tulipoisoma tulijiweka upande wa Yusufu. Ilihitaji mtu wa dini nyingine, wa nchi ya mbali, afe zaidi ya miaka mia nne iliyopita, ndipo atuweke upande wa mnyweshaji. Hatusemi riwaya ni sawa na Maandiko. Tunasema ilitufanya tuyasome Maandiko kwa mara ya kwanza kama watu wanaoshtakiwa.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa mchungaji. Hakusema ni swali la wakubwa. Aliuliza, "Mtoto alikuwa anaitwa nani?" Tukaona aibu nyingine, maana sisi hatukuwa tumeuliza hata hilo. Alikwenda mwenyewe kwa bibi, akakaa naye muda mrefu. Mwisho wa mwaka wa Kanisa jina lilisomwa, katikati ya majina mengine, bila maelezo.

Baadaye tulimtembelea bibi kumwomba msamaha, tukamsimulia kilichotukumbusha. Alisikiliza hadithi yote huku akipukuchua mahindi. Tulimweleza jinsi wasafiri walivyopokelewa mwishoni: mtawa akapandishwa cheo, nyani akapandishwa cheo, nguruwe akapewa kazi ya kumaliza sadaka madhabahuni, zimwi likatakaswa, hata farasi akarudishiwa ujoka wake.

"Na kobe?" akauliza.

Tulifungua sura za mwisho tukatafuta. Kobe hatajwi tena. Katika kitabu chote kile, kilichompa kila mtu stahili yake, yule aliyewabeba mara mbili hakupata hata jibu.

"Basi," bibi akasema, "huyo aliyeandika naye alisahau."

Hatujapata kusikia hakiki ya riwaya ile iliyo bora kuliko hiyo.