Ripoti ya Karanga za Kongwa: Iliandikwa Vizuri, na Hapo Ndipo Tatizo

Wengi wetu tunaikumbuka Kongwa ya darasa la historia kama kichekesho. Waingereza walikuja kulima karanga, udongo ukawashinda, nyuki wa kwenye mibuyu wakawatoa mbio, vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, pesa zikaisha, wakafunga virago. Inachekesha kweli, na huku Dodoma wapo wanaojua kuisimulia mpaka ushike mbavu. Ila ukiishia kwenye kicheko unaikosa sehemu inayotuhusu sisi tunaoandika maandiko ya miradi, madokezo na taarifa za ofisini. Kabla trekta la kwanza halijafika Kongwa, kulikuwa na karatasi. Leo nataka tuihakiki hiyo karatasi, kama wenzetu wa fasihi wanavyohakiki riwaya.

Mambo yalianza Machi 1946. Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa Company, alipeleka wazo kwa serikali ya Uingereza: tulime karanga Afrika Mashariki, kwa mashine, kwenye eneo kubwa ambalo halijawahi kuonekana. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na mafuta ya kula yalikuwa ya mgao. Juni ikatumwa timu ya watu watatu: John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, David Martin, mtu wa mashamba wa kampuni ile ile iliyoleta wazo, na John Rosa wa Wizara ya Makoloni. Walizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) kwa takribani wiki tisa, kwa ndege na kwa gari. Septemba ripoti ilikuwa mezani. Februari 1947 ikachapishwa kama waraka wa Bunge la Uingereza, namba Cmd. 7030.

Sasa isome kwa jicho la yule mwalimu wa stadi za mawasiliano aliyetufundisha mwaka wa kwanza. Utampa ngapi mwandishi? Ina eneo: ekari 3,210,000. Ina mgawanyo: mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, 10 Kenya. Ina muda: miaka sita. Ina gharama: karibu pauni milioni 24. Hakuna kubabaisha, hakuna maneno ya kujaza ukurasa. Bosi akiisoma anajua anaombwa nini na atapata nini. Kwa vigezo tulivyofundishwa (uwazi, mpangilio, takwimu, pendekezo linaloeleweka) hii ni A.

Na ndiyo iliyopoteza zaidi ya pauni milioni 36 za walipakodi kabla mradi haujafutwa Januari 1951.

Msomaji mwingine atasema tatizo halikuwa uandishi, tatizo lilikuwa kilimo. Sikubaliani naye. Tazama hiyo namba 3,210,000. Ukiibadilisha ni kilomita za mraba kama 13,000, karibu theluthi ya mkoa mzima wa Dodoma. Imetoka wapi? Ni 107 mara 30,000. Hesabu ni sahihi kabisa, na usahihi huo ndio unaodanganya. Ile elfu kumi ya mwisho inampa msomaji hisia kwamba kuna mtu alitembea na kamba akapima. Ukweli ni wiki tisa kwa nchi tatu. Katika sayansi tunafundishwa kwamba namba haiwezi kuwa na uhakika kuliko kipimo kilichoizaa. Ukipima meza kwa shubiri, huandiki urefu wake kwa milimita. Lakini tukishavuka mlango wa ofisi sheria hii tunaiacha nje na viatu, kwa sababu namba nzima-nzima inaonekana ya kivivu na namba yenye tarakimu nyingi inaonekana ya kitaalamu.

Halafu kuna mvua. Ratiba inayohesabu mavuno ya kila mwaka imeshakubali kimyakimya kwamba mvua itakuja kila mwaka. Chukua mfano wa kubuni: miaka mitano ina milimita 800, 350, 700, 400 na 600. Wastani wake ni 570. Kama zao lako linahitaji 500, wastani unakwambia uko salama. Shamba linakwambia umevuna mara tatu na umelia mara mbili. Na hapo hatujagusa mpangilio wa mvua ndani ya msimu, maana katika nyanda hizi za kati mvua inaweza kuanza Desemba vizuri tu, ikakata katikati ya msimu mimea ikiwa inaihitaji kuliko wakati wowote. Wagogo hawakuchagua uwele na mtama kwa kukosa akili ya kulima kitu kingine. Hii ndiyo nchi iliyopita kwenye njaa ya Mtunya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maarifa ya mvua yalikuwepo, kwenye vichwa vya watu na kwenye maghala yao. Kwenye hesabu za waraka hayakupata nafasi.

Udongo vilevile. Karanga huzaa chini ya ardhi, hilo kila mtoto wa mkulima anajua. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao jua likiupiga unakuwa kama sakafu, na karanga zinabaki zimefungiwa humo humo. Jambo hilo lingeonekana kwenye shamba dogo la majaribio ndani ya msimu mmoja au miwili. Shamba la majaribio halikuwekwa. Na Kongwa ikatangulia kwa sababu reli ya kati ilikuwa jirani. Hiyo ni sababu ya usafirishaji, haina uhusiano na mmea. Lengo la 1947 lilikuwa kufyeka ekari 150,000. Msimu wa kwanza zikapandwa kama 7,500.

Nirudi kwenye sentensi, maana huko ndiko kosa linakojificha, na kwenye Kiswahili chetu cha ofisini linajificha vizuri zaidi. Fungua jalada lolote. Ukishapita ile "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" (kama vile msomaji alikuwa na mpango wa kuhusika na kichwa kingine), unakutana na "inakadiriwa", "imebainika", "inatarajiwa". Nani alikadiria? Kwa kutumia nini? Hivi vitenzi vya kutendwa na kutendeka ni vitamu kwa mwandishi kwa sababu havina mwenyewe. Mambo yakiharibika, hakuna aliyekadiria.

Kuna na kale ka "-ta-". "Mradi utazalisha tani 300 kwa mwaka." Hiyo "-ta-" inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: inatabiri, inaahidi na inaomba pesa, na msomaji hawezi kujua ni ipi. Cha kushangaza, Kiswahili ni tajiri sana kwa shaka. Tuna "-ki-", tuna "-nge-", tuna "huenda", "yaelekea", "endapo". Tunavitumia vizuri mno kijiweni. Muulize dereva wa bodaboda kama mtafika Mtumba saa mbili, atakwambia "tukiwahi kutoka hapa na barabara ikiwa nyeupe". Yule katoa makadirio yenye masharti, kwa lugha fasaha, bila kwenda semina. Sisi wenye shahada tunaandika "utekelezaji utakamilika ifikapo Juni".

Linganisha na hii: "Mvua ikifika milimita 500 na isipokatika zaidi ya wiki tatu, tunatarajia tani 250 hadi 300. Isipofika, tutapata chini ya nusu. Kiwango cha mavuno tumekitoa kwenye mashamba mawili ya jirani kwa misimu minne. Udongo wa eneo lenyewe hatujaupima." Ni ndefu kidogo, na haina mbwembwe. Lakini sasa mkurugenzi anaweza kuuliza swali la maana: kwa nini udongo haujapimwa?

Nakubali kuna pingamizi, na ni zito. Rafiki yangu mmoja anayeandika madokezo kila siku aliniambia: ukiandika "hatujapima" dokezo linarudi na wino mwekundu, na mradi wa mwenzako aliyeandika "utazalisha" unapitishwa. Ni kweli. Mwandishi mkweli anaadhibiwa kwanza. Hata wale watatu wa 1946 hawakuwa wajinga. Swali liliwafikia likiwa limebeba jibu, kutoka kwa kampuni ambayo mtu wake alikuwa ndani ya timu, na London ilikuwa na haraka ya mafuta. Hadidu za rejea zikishaandikwa kwa namna hiyo, mtaalamu anabaki na kazi ya kupamba. Ndiyo maana sidhani dawa ni kozi nyingine ya "uandishi bora". Dawa nusu iko kwa anayesoma. Msomaji wa dokezo anatakiwa awe na mazoea ya kuuliza kila namba umri wake na wazazi wake: ulizaliwa lini, nani alikupima, mara ngapi?

Makosa ya Kongwa huwa tunayaweka kwenye fungu la ukoloni, na ukoloni ulikuwepo kweli kweli: ardhi iliamuliwa na watu ambao wasingeila hasara yake. Lakini leo uamuzi unafanyika hapa hapa. Wizara ziko Mtumba. Mashamba makubwa ya pamoja ya vijana yamefunguliwa Chinangali, kwenye ukame ule ule, safari hii na umwagiliaji ndani yake. Mimi nayatakia heri, na ningependa sana kuusoma ukurasa wa maji kwenye andiko lake: kisima kinatoa lita ngapi kwa saa Oktoba, si Aprili, na kimepimwa kwa muda gani.

Mfano mzuri tunao, na haujatoka mbali. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa mvua za msimu za Novemba hadi Aprili, haisemi Dodoma itapata milimita kadhaa kamili. Inasema mvua za wastani hadi chini ya wastani zinatarajiwa, na vipindi virefu vya ukavu vinaweza kujitokeza. Watu hununa wakisikia hivyo, wanasema hawa jamaa hawana uhakika. Lakini mkulima wa Mpwapwa aliyeisikia sentensi hiyo redioni anapata cha kufanya nayo: anaongeza uwele, anapunguza mahindi, karanga anaziweka kwenye kipande cha bondeni.