Visions ya Grimes: Maneno Yaliyozamishwa

Hadithi ya albamu hii inajulikana kuliko nyimbo zake. Mwaka 2011 msichana wa Kanada anajifungia katika nyumba yake Montreal kwa wiki tatu, anaziba madirisha, anarekodi peke yake kwa GarageBand, programu inayokuja ndani ya kompyuta za Mac. Mwaka 2012 lebo ya 4AD inaitoa, na mwaka uliofuata inashinda tuzo ya Juno ya albamu bora ya elektroniki. Hadithi tamu. Lakini wangapi wamejifungia na kompyuta wakatoka na makelele matupu? Chumba hakitungi wimbo.

Kinachoibeba Visions ni sauti. Claire Boucher, ndiye Grimes, ana sauti nyembamba ya juu, karibu ya mtoto. Hajaribu kuinenepesha. Anaimba, anarudia, anazipandanisha sauti zake mwenyewe mpaka mtu mmoja anageuka kwaya. Sikiliza "Genesis": sauti zinapishana juu ya kinanda chepesi, na hujui tena ipi ndiyo ya mbele.

Kasheshe ni maneno. Hayasikiki. Sisi tuliokulia kwenye taarab na bongo fleva swali letu la kwanza ni "anasema nini?", na mwimbaji anayemeza maneno tunamkata maksi. Kwa kipimo hicho albamu hii ingefeli karibu nyimbo zote 13.

Sasa chukua "Oblivion". Besi inadunda kwa raha, sauti inaelea, unaweza kuucheza harusini na watu wakanyanyuka. Ukiyasoma mashairi yake ndipo unakuta hofu ya kutembea usiku, na Grimes ameeleza hadharani kwamba wimbo ulitokana na shambulio alilofanyiwa. Ni kama mtu anayekusimulia jambo zito huku anacheka, kisha anabadilisha mada kabla hujamuuliza. Angetamka kila neno wazi, tungepata taarifa ya tukio. Alivyoyazamisha, tunapata namna mtu anavyoishi nalo.

Fumbo la taarab hufanya kinyume: neno liko wazi kabisa, maana ndiyo imefichwa. Hapa neno limefichwa na hisia imebaki nje. Zote mbili ni njia za kusema lisilosemeka mbele ya watu, na sidhani ya pili ni ya kivivu kuliko ya kwanza.

Hata hivyo, kujifungia kuna gharama. Kuanzia katikati, kwenye "Visiting Statue" na jirani zake, biti zinazunguka palepale na mwangwi ni uleule. Unahisi hapakuwa na mtu mlangoni wa kusema, "Dada, hapa punguza." Nyimbo mbili tatu ni michoro ya awali tu, na zingeachwa nje hakuna ambaye angezitafuta. "Skin", karibu na mwisho, ndio unaokuja kuokoa jahazi: mrefu, wa polepole, wenye nafasi ya kupumua ambayo albamu ilikuwa inaihitaji muda mrefu.

Ukitaka kuipima mwenyewe, vaa visikilizio na usikilize "Oblivion" mara mbili. Ya kwanza bila kutafuta mashairi yake popote. Ya pili ukiwa umeyasoma, na uangalie kama mguu wako bado unagonga sakafu.