Mwenye Nyimbo ni Nani?

Programu ya Napster ilipoanza Marekani mwaka 1999, watu walipeana nyimbo bila ya malipo. Mahakama ikaizima mwaka 2001. Mwaka 2008 Spotify ya Sweden ilileta dawa kali kuliko hukumu: mamilioni ya nyimbo kwa ada ya mwezi, au bure kwa mwenye kuvumilia matangazo. Wizi ulififia kwa kukosa faida. Lakini mnunuzi wa santuri aliweza kuiazimisha, kuiuza, hata kuirithisha. Mlipa ada ni mpangaji tu, na akikoma kulipa hutoka mikono mitupu. Makampuni makubwa ya muziki, kwa kupewa hisa katika Spotify, yakawa muuzaji na papo hapo mbia wa mnunuzi. Hivyo mwizi alifukuzwa, lakini ufunguo wa nyumba haukurudi kwa mwimbaji wala kwa msikilizaji.