Siku ya Tatu Mpe Jembe: Mkimbizi na Kibarua katika Riwaya

Utangulizi

Methali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wafafanuzi wengi huishia katika funzo la adabu, kwamba mgeni asimchoshe mwenyeji. Lakini ndani yake mna pia wazo kuhusu kazi na jamii. Apewaye jembe huonyeshwa na mahali pa kulima, na kwa jasho lake huanza kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi riwaya inavyomchora mtu aliyepewa jembe pasipo kupewa uenyeji, yaani mkimbizi afanyaye kazi ya ujira mdogo. Tutaitazama zaidi Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei (2017), na kuilinganisha na Kuli ya Adam Shafi (1979) na Pilgrims Way ya Abdulrazak Gurnah (1988). Dai letu ni kwamba riwaya ya Kiswahili inajua kumlilia mkimbizi, na inajua pia kuieleza kazi, ila bado haijaviunganisha viwili hivyo ipasavyo.

Majina mawili

Neno mkimbizi limetokana na kitenzi kimbia, kama vile mzazi lilivyotokana na zaa na mjuzi na jua. Kimaumbo ni jina la mtenda, sawa na mkulima. Hata hivyo, mkulima huitwa kwa tendo alifanyalo kila msimu, hali mkimbizi huitwa kwa tendo alilolifanya pengine usiku mmoja tu, hata kama tangu hapo ameshinda miaka kumi akifua nguo za watu au kubeba magunia. Kibarua, kwa upande wake, ni udogo wa barua: asili yake ni kikaratasi cha kazi cha mtu wa kutwa. Katika maisha halisi majina haya mawili humwangukia mtu mmoja. Katika uhakiki wetu tumeyatenga, la kwanza tukiliweka chini ya dhamira ya vita na la pili chini ya dhamira ya utabaka.

Eldoret, mji ambao wengi wangali wakiuita Sitini na Nne, unatuonyesha hasara ya utengano huo. Makaburu waliofika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 walikuwa nao wahamiaji, waliotoka katika nchi iliyokwisha vurugwa na vita. Wao walipewa ardhi, na Waafrika ndio waliogeuzwa vibarua na maskwota juu yake. Karne moja baadaye, kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa la Kiambaa lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 pamoja na watu waliokimbilia humo, na uwanja wa maonyesho ya kilimo wa mji huu ukageuka kambi ya maelfu. Mahema yalipoondolewa, hao maelfu walikwenda mahali fulani, na huko walifanya kazi fulani. Hapo ndipo tunapoihitaji riwaya.

Chozi la Heri

Matei ameubuni umma wa Wahafidhina, na katika Msitu wa Mamba amewakusanya waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi. Mafanikio yake ni makubwa. Ridhaa, daktari aliyekuwa na jumba na jamaa, anajikuta katika dhiki moja na watu ambao hawakuwa na kitu tangu awali. Mwandishi anatuonyesha kwamba moto hauulizi cheti.

Lakini kutoka kambini kunauliza cheti. Ridhaa ana udaktari wake. Selume ana uuguzi wake. Hao wamekimbia na taaluma zao vichwani, kwa hiyo riwaya inao uwezo wa kuwafuata mpaka kwenye maisha mapya. Wale wasio na taaluma hubaki umati. Tunaiona njaa yao na msongamano wao, bali hatuwaoni wakijadiliana na tajiri juu ya ujira wa siku.

Si kwamba kazi duni haimo. Kangata na Ndarine waliishi juu ya ardhi ya mwajiri wao Kiriri, hata watoto wao wakalichukua jina lake. Hapa mwandishi amegusa jambo zito: kibarua hakuuza nguvu zake tu, bali na jina la ukoo. Kwa bahati mbaya jambo hili limepita kama utangulizi wa habari za Lunga. Vilevile Sauna, mtumishi wa nyumbani, ni mtoro aliyeondoka kwao kwa sababu ya unyama wa baba wa kambo. Huyu ndiye mkimbizi aliyeingia kazi ya ujira mdogo waziwazi kuliko wote. Msomaji anamkumbuka kwa kuiba watoto. Saa zake za kazi na mshahara wake havikupata nafasi ya kukumbukwa.

Kuli na Pilgrims Way

Haiwezi kusemwa kwamba fani yetu haina uwezo huo. Katika Kuli, bandari ya Unguja imechorwa kwa uzito wa mizigo na uchache wa malipo, na Rashidi anapata mwamko wake kutoka kazini, mpaka mgomo wa mwaka 1948. Ila makuli wale walikuwa na wenzao na mtaa wao. Kibarua mkimbizi, ambaye anaweza kufukuzwa kazini na nchini kwa siku moja, hagomi kwa wepesi huo.

Gurnah ameionyesha hali hiyo. Daud, Mtanzania katika mji wa Canterbury, ni mtumishi wa chumba cha upasuaji hospitalini, kazi ya aina ambayo Gurnah mwenyewe aliwahi kuifanya hospitalini katika mji huohuo. Daud anasafisha damu ya Waingereza ambao barabarani humkwepa, na kichwani mwake hutunga barua asizozituma. Kasoro yake ni upweke: kejeli ndiyo silaha yake, na kejeli haiongezi mshahara. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya Paradise, ilitoka mwaka 2022. Ingefaa na Daud apewe Kiswahili, kwani barua zile zina wasomaji wake huku.

Hitimisho

Pengine itajibiwa kwamba Matei alikusudia upatanisho, wala si ujira. Jibu letu ni kwamba upatanisho usiotaja nani alimlipa nani haukamiliki. Katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, mkimbizi afundishaye au auguzaye hulipwa fedha iitwayo motisha, chini sana ya mshahara wa Mkenya afanyaye kazi ileile. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imetambua haki yake ya kufanya kazi, lakini neno motisha lingali linamwambia kwamba alifanyalo si kazi kamili. Hilo ni suala la lugha, na wataalamu wa lugha ndio sisi.

Chozi la Heri ilitahiniwa katika shule zetu za sekondari kwa miaka kadhaa, na wanafunzi wakazoezwa kuorodhesha matatizo ya wakimbizi. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa waliolala katika uwanja wa maonyesho. Hao hawakuhitaji orodha ya njaa na maradhi. Walistahili kuulizwa mama aliyetoka kambini alishika jembe la nani, na jioni alirudi na shilingi ngapi.