Darasa la Mzio Mtandaoni

ASCIA, chama cha wataalamu wa kinga na mzio wa Australia na New Zealand, hutoa mafunzo ya bure mtandaoni, ambayo daktari, muuguzi au mfamasia huyasoma kwa wakati wake. Yanastahili pongezi, kwani elimu ya mzio huchakaa upesi. Mwaka 2000 madaktari wa watoto Marekani walishauri mtoto aliye hatarini asipewe karanga hadi afike miaka 3. Ushauri huo uliondolewa 2008. Kisha mwaka 2015 utafiti wa LEAP, uliofanyika London, ukaonyesha kwamba kuanza karanga utotoni, kati ya miezi 4 na 11, hupunguza mzio huo kwa asilimia 80 hivi. Aliyehitimu 2001 asifungue kitabu tena angali anawakataza akina mama.

Uzito zaidi umo katika somo la anafilaksisi, mzio mkali unaoweza kuua kwa dakika chache: adrenalini kwanza, ichomwe kwenye msuli wa paja upande wa nje, mgonjwa alazwe, au akae akipumua kwa shida, lakini asitembezwe. Vidonge vya mzio, kimbilio la wengi, haviokoi maisha hapo. Mkono, hata hivyo, haufundishiki kwa skrini. Mazoezi hufanywa kwa kifaa cha mfano kisicho na sindano.